Laptopu ya Bei Poa, Mfumo Mpya: Vidokezo 11 kwa Wasomaji wa Karagwe na Kyerwa

Hongera! Hela ya kahawa imeingia, au umejibana miezi kadhaa kwenye mshahara, na hatimaye una laptopu yako mwenyewe. Siyo ile inayotoka kiwandani ikiwa na nailoni mpaka kwenye chaja. Ni ile iliyofanya kazi ofisini au shuleni huko Ulaya, ikapita Dubai, ikapita Kariakoo, ikalala Bukoba, kisha ikapanda basi mpaka Kayanga. Mashine imara kabisa! Ila inawaka taratibu mno, feni inanguruma muda wote, na kwenye kona ya chini kulia kuna maandishi yanayokukumbusha kutwa nzima kwamba Windows yako haijalipiwa.

Na kuna jambo jingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti yake: RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. ThinkPad T440, Latitude E6430, EliteBook 840 G3, yaani zile zile ambazo mifuko yetu inazimudu, zote zimeachwa nje ya mlango.

Tulia, maana suluhisho lipo, ni la bure, na ni halali: Linux. Jina lisikutishe. Tecno, Infinix au Samsung uliyonayo mfukoni inatumia Android, na Android imejengwa juu ya Linux. Kwa hiyo wewe ni mzoefu wa siku nyingi, ulikuwa hujaambiwa tu. Twende kazi!

1. Ikague kabla pesa haijahama mfuko

Kama bado hujalipa, una bahati. Dakika chache za ukaguzi pale dukani zitakuepusha na miezi ya kulalamika. Anza na BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows: washa mashine huku unabonyezabonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nywila, mrudishie muuzaji kwa upole na umwombe nyingine. Laptopu za maofisini mara nyingi zilifungwa na wamiliki wake wa kwanza, na bila nywila hiyo unaweza kushindwa kabisa kuiamuru iwake kutoka kwenye flashi.

Macho mengine yawe kwenye Chromebook. Ni ndogo, nyepesi, zinapendeza, na bei yake inavutia. Lakini nyingi zilikuwa za wanafunzi, na nyingine bado zimeandikishwa kwa shule iliyozinunua: ukiiwasha inakutaka uingie kwa akaunti ya shule hiyo. Kuzibadilisha mfumo ni kazi ya fundi mzoefu, siyo ya Jumamosi moja nyumbani. Ziache.

Kisha uliza diski. Kama ni ile ya kizamani inayozunguka ndani, tenga hela ya SSD, hata ya GB 120 au 128. Hakuna mfumo wowote duniani utakaoipa laptopu yako kasi kama SSD itakavyoipa. Na tahadhari na vile vidogo vya inchi 11 kama HP Stream: RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza, na GB 32 za hifadhi zinajazwa na masasisho ya Windows peke yake. Kama umeshakinunua usijilaumu, kwa sababu hicho ndicho kitakachonufaika zaidi na vidokezo vinavyofuata.

2. Chagua mmoja, acha kuzunguka

Linux ina ladha nyingi mno, na hapo ndipo wengi wanapokwama: wiki mbili za kulinganisha, sakinisho hata moja hakuna. Mimi nakushauri hivi: chukua Linux Mint, toleo la Xfce. Ni jepesi, sura yake inafanana na Windows tuliyoizoea (menyu chini kushoto, saa chini kulia), na matoleo ya mfululizo wa 22 yataendelea kupata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. RAM ya GB 2 inatosha kuliwasha, GB 4 inatosha kufanyia kazi, na diski ya GB 20 ndiyo kiwango cha chini. Ukitaka urembo zaidi na una RAM ya kutosha, kuna Zorin OS, inayotengenezwa na ndugu wawili kule Dublin. Basi. Umeshachagua, songa mbele.

3. Bando moja, ofisi nzima

Faili la kusakinishia Mint lina takriban GB 3. Kwa bando la kawaida hiyo ni hela, tusidanganyane. Kwa hiyo fanyeni kwa pamoja! Mmoja anunue bando la usiku, apakue, kisha faili lizunguke kwa flashi: chumba cha walimu, zahanati, ofisi ya ushirika (AMCOS), vijana wa steshenari. Hakuna atakayewauliza, kwa sababu leseni ya mfumo huu inaruhusu kunakili na kugawa kadiri mpendavyo. Ni kitu gani kingine unaweza kununua mara moja kikatumiwa na kata nzima, tena kihalali?

Angalizo kwa ndugu zetu wa Murongo na vijiji vya mpakani. Hapo ni Mto Kagera tu unaowatenganisha na Kikagati ya Uganda, na upande wa magharibi kuna Rwanda. Mawimbi ya simu hayana pasipoti. Simu inaweza kuhamia mtandao wa jirani usiku wa manane ukiwa umelala, na GB 3 za nje ya nchi zitamaliza salio kabla jogoo hajawika. Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya simu, zima data ya nje ya nchi, na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie.

4. Pakua kwenye mlango mkuu, kisha hakiki

Nenda linuxmint.com, usiende kwingine, na ukishapakua, hakiki faili lenyewe. Siyo ushamba, kuna sababu. Mwezi Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti hiyo hiyo ya Linux Mint, wakaelekeza watu kwenye faili bandia lililokuwa na mlango wa siri ndani yake. Wenye tovuti waligundua haraka na wakatangaza wazi. 

Kwa hiyo linganisha namba ya utambulisho ya faili ulilopakua, ni dakika moja. Kwenye Windows fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika *certutil -hashfile*, acha nafasi, buruta faili lako ndani ya kidirisha, acha nafasi tena, malizia na *SHA256*. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ule ulioko kwenye tovuti. Ukilingana mwanzo hadi mwisho, una faili safi. Ukitofautiana, pengine mtandao ulikatika katikati, au kuna mtu amelichezea. Vyovyote iwavyo, lifute upakue upya.

5. Hamisha vya kwako kwanza

Picha za harusi, vyeti ulivyoskani, matokeo ya kidato cha pili, mahesabu ya kikundi: vyote vitoke kwenye laptopu viende kwenye flashi au diski ya nje. Halafu ifungue flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama mafaili kweli yanafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

Hapa kuna mtego mmoja ambao haujulikani sana. Laptopu nyingi zinazokuja na Windows 10 au 11 zina diski iliyofungwa kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Ukigusa mipangilio ya BIOS, mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 ndipo ikufungulie Windows. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwa kawaida utaukuta humo, uandike kwenye daftari. Au nenda kwenye mipangilio ya Windows uzime ufungaji huo kabisa, usubiri umalizike, ndipo uendelee.

Na kama Windows iliyokuja na mashine ilikuwa halali, usiogope kuipoteza. Leseni yake imefungamana na ubao wa mashine yenyewe, hivyo siku ukiirudisha itajitambua.

6. Flashi ya GB 8 ndiyo jembe lako

Unahitaji flashi tupu ya GB 8 na programu ndogo ya bure iitwayo Rufus. Chomeka flashi, fungua Rufus, chagua faili la Mint, bonyeza kitufe cha kuanza. Ikikuuliza swali lolote katikati, kubali kile inachopendekeza. Kila kitu kilichokuwa ndani ya flashi kitafutika, kwa hiyo usichukue ile yenye nyimbo za kwaya! Na usinakili faili kwenye flashi kwa kuburuta tu kama unavyohamisha muvi, maana mashine haitawaka nayo.

7. Ijaribu bila kufuta chochote

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na ningekuwa na nafasi ya kukupa kimoja tu, ningekupa hiki. Linux Mint inawaka na kufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Ni mgeni aliyefikia sebuleni: anakaa, mnaongea, anaaga, vyumba vya ndani hajavikanyaga. Ukizima na kuchomoa flashi, Windows yako iko vile vile ulivyoiacha.

Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza Restart, siyo Shut down. Kuna tofauti! Windows ikizimwa kwa kawaida huwa inalala nusu jicho ili iwake haraka kesho, na hiyo inaleta usumbufu. Mara tu kioo kinapokuwa cheusi, bonyezabonyeza kitufe cha kuchagulia flashi: kwa HP ni Esc kisha F9, kwa Dell na Lenovo ni F12, kwa Asus ni Esc. Acer nayo ni F12, ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS. Ukiikosa mara ya kwanza, izime urudie. Karibu kila mtu huikosa mara ya kwanza.

Sasa Mint imefunguka. Usikimbilie kile kialama cha kusakinisha. Keti, jimiminie chai, uikague mashine yako yote. Cheza wimbo usikie spika. Ongeza na punguza mwanga wa kioo. Fungua kamera. Gusa kibao cha kipanya kwa vidole viwili uone kama ukurasa unapanda na kushuka. Funga kifuniko, kifungue, uone kama inaamka. Unganisha printa. Kisha Wi-Fi.

Wi-Fi ndiyo inayosumbua watu mara nyingi zaidi, hasa kwenye laptopu zenye kadi za Broadcom na baadhi ya Realtek. Ikikosekana, usikate tamaa hata kidogo! Chukua simu yako ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya ule ule wa chaja, washa huduma ya kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itapata mtandao papo hapo. Kisha fungua msimamizi wa madereva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine) ndani ya menyu ya Mint, aikague mashine. Mara nyingi atakuletea dereva anayekosekana mwenyewe.

Kaa na flashi hiyo siku kadhaa. Itakuwa nzito kidogo kuliko mfumo uliosakinishwa, kwa sababu inasoma kutoka kwenye USB, kwa hiyo usiihukumu kwa mwendo. Ihukumu kwa swali moja: kila kifaa changu kinafanya kazi?

8. Orodhesha kazi zako halisi, siyo za jirani

Chukua karatasi, andika unachofanya kwenye kompyuta kwa wiki nzima. Mwalimu wa sekondari ya kata pale Nkwenda ataandika: mitihani, alama za wanafunzi, ESS ya watumishi, WhatsApp, muvi. Mzabuni ataandika NeST. Mhitimu anayetafuta kazi ataandika Ajira Portal. Mwanafunzi wa chuo ataandika mkopo wa HESLB. Sasa tazama: mifumo hiyo yote ya serikali inafunguka kwenye brauza. Firefox inakuja ndani ya Mint, na Chrome unaweza kuiongeza. Kwa watu wa kundi hili, hakuna cha kuwazuia.

Wenye steshenari pale Omurushaka, ninyi tuongee kwa kirefu zaidi kidogo. Printa za Epson zenye matangi ya wino, kama L3250, kwa kawaida hazisumbui kwenye Linux, na HP nyingi nazo ziko sawa. Korofi ni Canon LBP2900, ile leza ndogo iliyozagaa. Dereva wake wa Linux ni wa zamani na anachosha. Halafu mnajua ile siku Epson inapogoma na kusema pedi ya wino imejaa? Programu za kuirudishia hesabu ni za Windows. Na kadi za harusi na za michango mnazitengenezea kwenye Publisher, programu ambayo Microsoft imetangaza kuiacha Oktoba 2026. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya Publisher, lakini mpangilio huwa unasogeasogea, kwa hiyo anzeni kuhamisha violezo vyenu taratibu mkiwa na muda, msisubiri mteja asimame kaunta.

Ushauri wangu kwenu: msifute Windows. Kama diski ina GB 120 au zaidi, wekeni mifumo yote miwili, muwe mnachagua mashine inapowaka. Vivyo hivyo kwa mhasibu anayetumia QuickBooks ya kwenye kompyuta. Kwanza punguzeni eneo la Windows kwa kutumia Windows yenyewe, kwenye kifaa chake cha kusimamia diski, na muache walau GB 40 tupu. Kisakinishi cha Mint kitaikuta nafasi hiyo na kupendekeza chenyewe kuiweka Mint kando ya Windows.

Na mtu akikwambia Linux ni ya wanafunzi wa kompyuta tu, mwambie askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na sasa makumi ya maelfu ya kompyuta zao zinaendeshwa nayo. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani nalo lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta 30,000 za ofisi zake kwenda LibreOffice na hatimaye Linux. Hata hapa nchini siyo ngeni: mradi wa Linux4Afrika kutoka Freiburg ulileta Tanzania na Msumbiji kompyuta zilizotumika kwa ajili ya shule, zikiwa na Edubuntu ndani.

9. Siku ya siku, betri ijae

Kwa miaka mingi mkoani Kagera tulikula umeme wa kutoka Uganda, na sasa tuna mtambo wa Murongo–Kikagati wa MW 14 tunaogawana na majirani hao hao. Hata hivyo, mvua ya radi haijui ratiba yako. Kusakinisha kunachukua nusu saa hivi kwenye SSD, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Kwa hiyo chaji betri ijae kabisa, chomeka chaja, na uchague asubuhi yenye anga safi. Kama betri imekufa (na nyingi za mtumba zimekufa, tuseme ukweli), azima UPS kwa mwenye duka la karibu.

Kisakinishi kinauliza maswali machache. Lugha, kibodi, saa: chagua Dar es Salaam. Kuna kisanduku cha kuongeza programu za sauti na video, kitie alama, ndicho kitakachokuwezesha kucheza muvi na nyimbo zako bila kuhangaika. Swali zito ni moja tu: kufuta diski nzima, au kukaa kando ya Windows? Hapo simama. Soma mara mbili. Kama nakala zako ziko salama na hutaki Windows tena, futa kwa amani. Chagua nywila utakayoikumbuka, iandike mahali, kisha kanywe uji.

10. Fanya LibreOffice ifanane na Word

Wengi wanarudi nyuma hapa, na inaniuma, kwa sababu ni mambo ya dakika tano. Fungua LibreOffice Writer, ingia View, kisha User Interface, chagua Tabbed. Vitufe vitajipanga juu kwa vichupo kama ulivyozoea kwenye Word. Halafu ingia Tools, Options, Load/Save, General, uweke kwamba mafaili yahifadhiwe kwa mtindo wa Word, yaani docx. Kuanzia hapo ukimtumia mkuu wa shule ratiba, ataifungua bila kukupigia simu.

Kuhusu mwandiko: Mint inakuja na Liberation, inayochukua nafasi sawasawa na Times New Roman na Arial, hivyo mistari haihami. Calibri ina mbadala wake, Carlito. Lakini mtihani wenye majedwali na michoro ya baiolojia, au CV ya kazi, usiutume kama docx. Kuna kitufe cha PDF juu kabisa, bonyeza mara moja, na utachapwa Kayanga au Bukoba ukiwa vile vile.

Na kama Kiingereza cha menyu kinakukera, LibreOffice ina tafsiri ya Kiswahili unayoweza kuiongeza. Kazi ya namna hiyo ilianzia nyumbani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutoka katika OpenOffice mwaka 2010. Menyu ya Kiswahili inamsaidia sana mama mweka hazina wa kikundi ambaye anajua hesabu vizuri kuliko sisi sote ila Kiingereza cha kompyuta kinamkwamisha.

11. Flashi yako ibaki na kazi

Umemaliza, mashine inawaka haraka, feni imenyamaza. Usiifute ile flashi! Iandike jina, iweke kwenye droo.

Unawajua wale virusi wa shotikati? Unatoa flashi steshenari, ukiichomeka nyumbani folda zote zimegeuka vishale na hakuna kinachofunguka. Virusi hao wameandikwa kwa ajili ya Windows. Ichomeke kwenye Mint: mara nyingi utakuta mafaili yako halisi yamefichwa ndani ya folda isiyo na jina, na Mint inaionyesha wazi. Usipoiona, bonyeza Ctrl na H kwa pamoja. Yahamishe mafaili, futa vile vishale, na mwenye flashi atakushukuru mwaka mzima.

Na siku laptopu ya mwenzako ikikataa kabisa kufungua Windows, wiki ya kupeleka alama, usimwache aende kupigiwa Windows upya na kupoteza kila kitu. Washa mashine yake kwa flashi yako kama ilivyo kwenye kidokezo cha 7, fungua diski yake, chagua folda ya nyaraka, nakili kwenye diski ya nje. Ikidai ufunguo wa tarakimu 48, mwulize akaunti yake ya Microsoft ni ipi, uutafute humo kwa simu. Ukimaliza kunakili, muulize kama angependa kujaribu Mint kwa siku chache kabla fundi hajaanza kazi.